Kinatengana vipi?

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mahafali ya kidato cha nne, katika shule moja ya sekondari hapa Tanga. Wazazi kadhaa ambao siku ile walikuwa shamba au baharini wameomba waipate yote. Nimeiweka kama nilivyoisema, pamoja na majibu ya watu pale ninapoyakumbuka.

Mgeni rasmi, mwenyekiti wa bodi ya shule, mkuu wa shule, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi wahitimu mliovishwa majoho mazito siku ya jua kali namna hii: asalamu aleikumu. Bwana Yesu asifiwe. Kwa wazee walionizidi umri, na leo nawaona watatu tu, shikamooni.

Nimeambiwa niseme maneno machache. Mwalimu wa kemia aliyestaafu ukimwambia aseme machache ni sawa na kumwambia mbuzi akatishe shamba la mahindi asiguse jani. Kwa hiyo kaeni vizuri.

Wiki iliyopita nilipanda basi Muheza nikija mjini. Pale stendi akaingia kijana, mkoba begani, chupa mkononi. Mnawajua. "Ndugu abiria, dawa hii inatibu mgongo, inatibu vidonda vya tumbo, inatibu macho. Na dawa hii haina kemikali! Haina kemikali hata moja!" Akarudia mara tatu. Mimi nimekaa kiti cha mbele. Nikamuuliza, "Mwanangu, hata moja?" Akasema, "Hata moja, mzee." Nikamwambia, "Basi unatuuzia chupa tupu."

Basi zima likacheka. Naye akacheka, akaninong'oneza, "Mzee, unaniharibia biashara." Ikabidi ninunue chupa moja kumpoza. Bado sijaifungua.

Lakini nilikuwa na maana yangu. Maji ni kemikali. Chumvi ni kemikali. Hewa ya ukumbi huu, ambayo nyinyi wa safu ya nyuma mnaivuta kwa shida kwa sababu feni mbili zimegoma, ni kemikali chungu nzima zimekaa pamoja. Neno hilo halina maana ya sumu. Yule kijana angesema dawa yake haina kitu, angekuwa amesema neno lile lile.

Sasa kama kila kitu ni kemikali, tunavitofautisha vipi? Nimefundisha miaka thelathini na kitu, na swali nililolitumia lilikuwa moja. Waliopita kwangu wanalijua. Semeni wenyewe!

(Sauti kadhaa kutoka kwa wazazi: "Kinatengana vipi?")

Naam! Kinatengana vipi? Shika kitu chochote, jiulize: nikitaka kukitenganisha, nitafanya nini? Vipo vinavyotengana kwa mkono, kwa ungo, kwa chujio, kwa jua. Huo tunauita mchanganyiko. Vipo ambavyo ungo na chujio havifui dafu kwake. Havitengani mpaka uviunguze kwa moto mkali, au uvipitishie umeme, au ulete kitu cha tatu kije kumnyang'anya mmoja mwenzake. Hiyo ni kampaundi. Wengine husema msombo, na sina ugomvi nao. Na vipo ambavyo hata ukileta moto, umeme na majirani wote, havitoi kitu kingine zaidi ya vyenyewe. Hizo ndizo elementi.

Tuanzie jikoni, maana maabara ya kwanza ya kila mtu hapa ilikuwa jiko la mama yake.

Akina mama, mnapopepeta mchele, kwa nini pumba zinaruka na mchele unabaki? Kwa sababu pumba ni nyepesi, na muda wote zilipokaa na mchele ndani ya gunia hazikuacha wepesi wake. Mnakuna nazi, mnatia maji, mnakamua kwenye kifumbu: chicha inabaki, tui linashuka. Na tui lenyewe ukiliacha usiku kucha, asubuhi utakuta zito limepanda juu, maji yako chini. Hakuna aliyelitenganisha. Limejitenga lenyewe. Wafugaji wanaosuka maziwa kwenye kibuyu mpaka siagi ijitokeze, wanafanya kazi hiyo hiyo. Mashamba ya chumvi ya hapa pwani nayo ni hivyo hivyo, ila mfanyakazi ni jua: maji ya bahari yanafungiwa bwawani, jua linachukua maji yake, chumvi inabaki.

Vitu vilivyochanganyika ni kama abiria wa daladala. Wamebanana, wamekanyagana, lakini kila mmoja ana kituo chake. Wala hakuna sheria ya vipimo. Kachumbari ya nyumba hii ina pilipili ya kumliza mtu, ya nyumba ile haina hata punje, na zote mbili ni kachumbari.

Lakini msidhani kwamba mchanganyiko lazima jicho liuone. Hewa ni mchanganyiko: katika kila sehemu 100, nitrojeni ni 78, oksijeni 21, na hiyo moja inayobaki karibu yote ni argoni. Nani amewahi kuiona mipaka yao? Na petroli je?

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu kuna neno ambalo sisi Watanzania tumeliingiza mjini kwa mlango wa kemia na halafu tukasahau mlango. Neno lenyewe ni kuchakachua.

(Kicheko.)

Mnakumbuka? Kulikuwa na wakati mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko petroli na dizeli, kwa sababu kodi yake ilikuwa ndogo, ili mtu wa kijijini awashe kibatari. Wajanja wakaona mwanya. Wakawa wanayatia mafuta ya taa ndani ya dizeli na petroli, wanauza kwa bei ya petroli. Kwa macho huoni kitu. Ungo hautakusaidia, na kitambaa cha kuchujia hakitakusaidia. Gari ndilo lililosema ukweli: linakohoa, linatoa moshi, fundi anachukua fedha zako.

Lakini swali letu ni lile lile. Kinatengana vipi? Petroli yenyewe ni mchanganyiko wa mamia ya kampaundi za kaboni na haidrojeni. Ndiyo maana haina nyuzi moja ya kuchemkia kama maji. Huanza kuchemka chini ya nyuzi 40 na kwenda mpaka karibu na 200. Mafuta ya taa huanza karibu na 150, yakavuka 250. Ukiichemsha petroli iliyochakachuliwa, ukafuata nyuzi zake polepole, utakuta mkia mrefu usio wa kwake. Mafuta ya taa humo ndani hayakubadilika kuwa petroli. Yalijificha tu.

Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na maji, wakaanza kutia vinasaba kwenye mafuta. Vinasaba ni kitu kidogo mno kinachotiwa kwenye petroli kwa kipimo kinachojulikana. Ukipima kituoni ukakuta kipimo kimepungua, ina maana kuna mgeni aliyeingizwa njiani. Angalieni ujanja wake: unawezekana kwa sababu tu mchanganyiko hauna sheria ya vipimo, kwa hiyo wanaoupima ndio wanaouwekea sheria. Mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa, faida ya kuchanganya ikafa. Mtu wa kibatari naye akaumia, na hilo sikulipenda mpaka leo. Neno likabaki. Siku hizi mtu anachakachua kura, anachakachua vyeti. Wahitimu, mmenisikia hapo kwenye vyeti.

Sasa nitasimulia langu. Mama watoto yuko pale, mwenye kitenge cha bluu, amenipa ruhusa asubuhi wakati wa chai.

Nilipooa nilikwenda kwa sonara mmoja. Simtaji, na mji sitautaja. Akaniuzia pete, akaapa ni dhahabu ya karati 18. Karati 18 maana yake katika sehemu 24, dhahabu ni 18, na 6 zilizobaki ni shaba au fedha au metali nyingine. Ni mchanganyiko halali kabisa, kwa sababu dhahabu tupu ya karati 24 ni laini, inakunjika. Nikalipa mishahara miwili. Mwezi wa tatu kidole cha bibi harusi kikawa kijani.

(Kicheko kirefu.)

Akanitazama. Hakusema kitu. Wanaume mliooa mnajua kwamba hapo ni pabaya kuliko kelele.

Jumatatu nikaichukua pete kwenda nayo maabara ya shule. Mizani ikasema gramu 6. Nikaifunga uzi, nikaipima tena ikiwa imezama ndani ya maji. Jambo hili ni la kale. Wanasimulia kwamba Archimedes wa Syracuse alipewa kazi ya kuchunguza taji la mfalme Hieroni kwa njia ya maji, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Pete ya karati 18 yenye gramu 6 ikizamishwa inatakiwa ipungue takriban gramu 0.4. Yangu ilipungua 0.7. Upungufu huo ni uzito wa maji yaliyoipisha pete. Fanyeni hesabu tujue pete ni nzito mara ngapi kuliko maji hayo: 6 gawanya kwa 0.7.

(Sauti kutoka kwa wahitimu: "Nane nukta tano!")

Nane nukta tano na ushee. Dhahabu tupu ni 19.3. Shaba nyekundu inakaribia 9. Na hiyo nane nukta tano ni ya nani? Ni shaba njano! Shaba nyekundu na zinki, ile ile ya vifundo vya milango ya Unguja na misumari ya masanduku ya bibi zetu. Juu yake ilipakwa dhahabu nyembamba kama utando wa uji. Dhahabu ilipochubuka, jasho likaikuta shaba, likafanya nayo kampaundi za kijani. Dhahabu yenyewe isingekubali. Nilinunua pete nyingine, nikaipima majini kwanza mbele ya sonara mwingine, na yule mzee akanicheka mpaka machozi. Ile ya kwanza ninayo hapa, ndani ya kikapu hiki. Nimeitumia kufundishia tangu wakati huo, kwa hiyo fedha yangu imerudi.

Tuiache michanganyiko. Nimesema shaba ilifanya kampaundi na jasho. Kufanya kampaundi ni kufanya nini?

Kila mwaka kidato cha pili nilikuwa nachukua unga wa chuma kutoka karakana, na kibiriti upele, ile salfa ya njano ambayo zamani tulipakwa kwa ajili ya upele. Nawachanganya kwenye karatasi. Napitisha sumaku: chuma chote kinarukia sumaku, salfa inabaki peke yake. Mchanganyiko. Nawarudisha pamoja, chuma gramu 7, salfa gramu 4, nawatia kwenye mrija, naushika juu ya moto. Pakishika nyekundu sehemu moja natoa moto, na ule wekundu unaendelea wenyewe, unatambaa mpaka mwisho wa mrija. Ukipoa nauvunja. Kuna kitu cheusi. Naleta sumaku. Hakuna kitu! Sumaku inapita kama mtu asiyesalimiwa. Chuma kimo humo, chote, gramu 7 hazijapungua hata chembe, lakini si chuma tena kwa tabia.

Na ukitia chuma gramu 10 kwa salfa gramu zile zile 4? Gramu 3 za chuma zitabaki zinazurura. Kachumbari haina sheria, kampaundi ina sheria. Saba kwa nne, hapa Tanga, Kigoma, au Ufaransa. Joseph Proust, Mfaransa, alibishana na wenzake miaka kadhaa juu ya jambo hilo, kwenye kuingia karne ya 19, na akashinda.

Chumvi nayo. Sodiamu ni metali laini, unaikata kwa kisu, ukiitupa majini inawaka na kuruka. Klorini ni gesi ya kijani-njano. Mwaka 1915 Wajerumani waliifungulia kwenye mahandaki kule Ypres, Ubelgiji, ikaua watu kwa kuwababua mapafu. Waoze hao wawili, unapata kitu unachokiomba mezani: "Nisogezee chumvi." Ndiyo maana nasema, kwenye kampaundi usimhukumu mtoto kwa kuwaangalia wazazi.

Lakini kampaundi ninayoipenda kuliko zote ni jiwe, na hapo naomba mnivumilie, kwa sababu ni habari za nyumbani.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mchoma chokaa, upande wa Tongoni. Tongoni mnapajua, kwenye ule msikiti wa magofu na makaburi ya kale. Nikiwa mtoto wa miaka tisa kazi yangu ilikuwa kubeba mawe ya matumbawe kwenda tanuuni. Magogo yanapangwa duara, ngazi juu ya ngazi, mawe yanawekwa juu, moto unatiwa katikati usiku. Kulipokucha na kupoa nilikuwa wa kwanza kwenda kuokota. Nikachukua jiwe ambalo nilikuwa nimelibeba mwenyewe, nalikumbuka kwa tundu lake. Jepesi! Nikamkimbilia, "Babu, mawe yamepungua uzito. Nani kala?" Babu hakunyanyua hata kichwa. "Moto umekula haki yake."

Nilikaa na jibu hilo miaka mingi. Moto umekula haki yake. Jibu zuri, lakini haki hiyo ni kiasi gani, na imekwenda wapi? Nilipofika chuoni ndipo nilipokutana na Mskoti mmoja, Joseph Black, ambaye miaka ya 1750 aliuliza swali la mtoto wa Tongoni, ila yeye alikuwa na mizani. Jiwe la chokaa safi kilo 100 ukilichoma sawasawa, unabaki na kilo 56. Kilo 44 zimekwenda angani. Zimekwenda kama hewa, na Black akaikamata hewa hiyo: ndiyo hewa ya ukaa. Fikirini kilo 44 za hewa zilizokuwa zimefungwa ndani ya jiwe kavu, na hakuna ungo duniani ungeweza kuzipepeta!

Kinachobaki baada ya moto ni kitu chenye hasira. Babu alikuwa akikimwagia maji, tunasogea nyuma. Kinafoka, kinapasuka, kinatoa mvuke, kinaporomoka kuwa unga. Yeye husema, "Jiwe lina kiu." Kweli kabisa: kila kilo 56 hunywa kilo 18 za maji na hazirudishi ukikamua, kwa sababu maji hayakuingia kama maji yaingiavyo kwenye sponji. Yameungana nalo. Unga huo ndio chokaa ya fundi, na ndiyo hiyo kidogo inayopakwa kwenye tambuu na popoo. Bibi pale anacheka, anajua. Fundi anaichanganya na mchanga, hapo ni mchanganyiko, anakandika ukuta. Halafu miezi na miaka ukuta unavuta hewa ya ukaa polepole kutoka angani, maji yanatoka, na chokaa inarudi kuwa nini?

(Mzee mmoja kutoka mbele: "Jiwe!")

Jiwe, mzee wangu! Jiwe lile lile la kwanza. Kuta za Tongoni, za Kilwa, za Lamu, ni matumbawe yaliyoshikwa na matumbawe mengine yaliyopita motoni yakarudi. Sikuja kuwahimiza mkavunje miamba ya baharini, samaki wanakaa kule. Siku hizi mawe yanachimbwa nchi kavu. Nataka tu mkipita pale mjue mnaangalia nini.

Sasa elementi. Wazee wetu wanaopiga bao na kusoma nyota husema kuna nyota za moto, za udongo, za upepo na za maji. Mgawanyo huo umetoka mbali, kwa Wagiriki wa kale, ukapita kwa Waarabu, ukatufikia na jahazi. Siwacheki. Walitafuta kama sisi, vitu vichache ambavyo vingine vyote vimetokana navyo. Ila tuwaulize swali letu. Udongo? Mchanganyiko wa kampaundi. Upepo? Mchanganyiko, tumeuhesabu. Maji? Miaka ya 1780 Henry Cavendish kule Uingereza alichoma haidrojeni akapata maji: gramu 1 ya haidrojeni kwa gramu 8 za oksijeni. Kampaundi. Na moto? Moto si kitu cha kuwekwa kwenye debe. Ni tukio, kama harusi.

Mwaka 1789 Mfaransa Antoine Lavoisier akachapisha orodha mpya, vitu 33. Kipimo chake kilikuwa cha unyenyekevu: elementi ni kile ambacho mpaka leo tumeshindwa kukivunja. Mpaka leo! Kwa hiyo orodha yake ilikuwa na makosa, na alijua itakuwa nayo. Mwanga ulikuwamo. Na chokaa ya babu yangu ilikuwamo, ile inayobaki tanuuni, kwa sababu hakuna moto ulioweza kuivunja zaidi. Lavoisier mwenyewe alishuku kwamba ndani yake kuna metali imejificha. Hakuishi kuona, wanamapinduzi walimkata kichwa mwaka 1794. Miaka 14 baadaye, London, Humphry Davy akaipitishia umeme wa betri, akaitoa metali hiyo. Kalsiamu. Ungo umeshindwa, moto umeshindwa, umeme umeweza.

Davy aliinasa kalsiamu kwa zebaki, kisha akaifukuza zebaki kwa moto. Nani hapa ana ndugu Geita au Chunya? Ndiyo kazi ya wachimbaji wadogo: zebaki inashika dhahabu, mchanganyiko unachomwa, zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Na hapa swali letu linakuwa la kufa na kupona. Watu huniambia, "Mwalimu, sumu imeshaungua." Hapana, ndugu zangu. Sumu ambayo ni kampaundi, nyingine moto unaweza kuzivunja zikaisha. Zebaki ni elementi. Inavunjwa iwe nini? Moto unaibadilisha kuwa mvuke tu. Inaingia kwenye pua ya anayechoma, kwenye mapafu ya mtoto aliye mgongoni mwa mama yake, inatua juu ya bati, mvua inaishusha mtoni, na iko vile vile gramu kwa gramu. Kilichopaa hakikwisha. Risasi ya kwenye betri kuukuu za magari ni vivyo hivyo. Mwenye ndugu huko ampigie simu leo, asingoje Krismasi.

Elementi zinazojulikana sasa ni 118, na nyingi ya hizo hamtazishika maishani. Mgeni rasmi anaangalia saa, nimemwona. Nimalizie na kikapu changu.

Hii ni glasi. Ndani yake ni maji ya chokaa: nimekoroga chokaa kwenye maji, nikaacha itue, nikachuja haya maangavu ya juu, nikayazimua zaidi ili tusilale hapa. Binti wa safu ya pili, njoo. Shika mrija. Puliza, usivute. Nimesema usivute! Puliza taratibu. Wengine angalieni.

(Maji yanaanza kuwa meupe. Watu wanasimama.)

Yamekuwa kama maziwa. Umetia nini? Pumzi tu. Hewa ya ukaa iliyomo kwenye pumzi yako imeikuta chokaa. Huo weupe ni jiwe, jamani, lile lile la tanuu la babu. Hapana, usiache, endelea. Walimu wengi huishia hapo na kupigiwa makofi. Puliza tena. Pumzika. Puliza.

(Dakika kadhaa. Weupe unapungua, kisha maji yanarudi kuwa maangavu.)

Jiwe limekwenda wapi?

Nauliza nyinyi. Hewa ile ile iliyolileta, ilipozidi imeliondoa. Mwenye jibu asinipe hapa. Aende mapango ya Amboni Jumamosi, si mbali, aingie na tochi, aangalie jiwe lile kubwa lilivyotobolewa vyumba kwa vyumba na maji ya mvua, na vile linavyoning'inia kutoka darini mahali maji yanapodondoka tone moja moja. Akirudi anitafute nyumbani, tutakunywa chai.

Asante binti. Weka glasi mezani, usiyanywe hayo. Nenda ukakae.